Chumba Chenye Miisho Miwili

Maiti ya Bi Edith Lavenham ilikuwa imeondolewa tangu Jumapili, lakini kilichomkera mpwa wake Jumanne hii mchana ni viatu vya Inspekta Hester Tranmer.

"Samahani sana, Inspekta. Vigae vya ukumbini ni vya mwaka 1871. Wageni wetu wote huvua."

Inspekta Tranmer alivitazama vigae, akavitazama viatu vyake vilivyojaa tope la vilima vya Malvern, kisha akapita navyo. Nyuma yake Sajini Gurdev Sahota alifuta vyake mara mbili kwenye zulia la mlangoni, kwa kuwa mama yake alimlea vizuri, naye akapita.

Piers Lavenham alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na alivaa sweta nene la wavuvi na suruali ya mafundi yenye mifuko ya nyundo. Suruali ilikuwa imepigwa pasi. Katika mifuko ile hamkuwa na kitu ila miwani.

"Mrakibu Prowse aliniambia upelelezi umekwisha," alisema.

"Mrakibu husema mengi," Tranmer akamjibu. "Nataka kukiona chumba."

"Lakini mtu mnaye."

"Mtu tunaye. Chumba kiko juu?"

Mtu mwenyewe alikuwa Dilwyn Pugh, fundi wa plasta na karatasi za ukuta, umri miaka sitini na mbili. Alikuwa mahabusu tangu jana, na saa kumi na mbili jioni Prowse angemfungulia mashtaka ya kuua kwa uzembe. Tranmer alikuwa amekaa naye asubuhi kwa dakika chache, kukiwa na meza na kikombe cha chai baridi kati yao.

"Skrubu ngapi?" alimwuliza.

"Sita. Za shaba, ndefu. Nimekuambia wewe, nimemwambia yule mnene, nimemwambia mpaka aliyeniletea hii mnayoiita chai."

"Zimekutwa sita za shaba kwenye kopo lako la vifaa. Bwana Lavenham ndiye aliyelionyesha."

"Basi zimetembea zenyewe."

"Usinifanyie mzaha, Pugh."

"Mzaha ninafanyiwa mimi, mama. Mlango ule niliufunga kwa skrubu, nikaziba upenyo kwa plasta, nikabandika karatasi ya chini, halafu ile yenye picha juu yake. Wewe nenda ukatazame nyuma ya karatasi. Niliandika."

"Uliandika nini?"

"Jina, siku, na kazi niliyofanya. Mafundi wote wa karatasi huandika ukutani kabla ya kufunika. Atakayekuja kubandua miaka hamsini ijayo ajue nani alitangulia. Hamjawahi kusikia? Mnasomea nini huko chuoni kwenu?"

Prowse alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa akicheza gofu na Piers Lavenham kila Alhamisi. "Karatasi ile imechapwa kwa mkono, Hester. Siwezi kuichana nyumba ya watu kwa sababu kibarua mmoja anadai amechora ukutani kama mtoto wa chekechea. Labda mwenye nyumba akubali mwenyewe." Lavenham alikuwa amekwisha kukataa mara mbili, kwa barua pepe.

Skrubu zile sita Tranmer alikuwa nazo mfukoni, ndani ya bahasha ya ushahidi. Kila moja ilikuwa na plasta nyeupe iliyokaukia kwenye kichwa chake, pale inapoingia bisibisi, kama iliyokwisha kukazwa na kufunikwa. Prowse alisema skrubu za mafundi siku zote ni chafu. Tranmer hakubishana naye. Kubishana na Prowse kulikuwa sawa na kumsomea ng'ombe gazeti. Alichukua koti lake tu.

Wakapanda ngazi kuu, Lavenham akitangulia na kuhutubia. Hakuna aliyemwuliza, lakini yeye na mkewe walihamia hapa miaka miwili iliyopita kumsaidia shangazi, na tangu siku hiyo walikuwa wakiirejesha nyumba chumba baada ya chumba.

"Watu wanadhani tunapamba. Hatupambi, Inspekta. Tunarejesha. Nyumba ya enzi ya Viktoria ina sauti yake. Ukitulia, inakuambia inataka nini."

"Rangi hii pia ilitaka yenyewe?" Sahota aliuliza, akiuelekezea kidole ukuta wa kijivu.

"Inaitwa Huzuni ya Njiwa."

"Mimi naona kijivu."

"Ndiyo maana wewe ni polisi," Lavenham alisema kwa upole wa kuudhi.

Sahota akaandika kitu kwenye daftari. Baadaye Tranmer alichungulia akakuta ameandika neno moja tu, kijivu.

Chumba cha Bi Edith kilikuwa upande wa nyuma wa ghorofa ya juu, kipana, chenye dirisha moja kubwa lililoelekea vilima. Kuta zote nne zilikuwa zimevishwa karatasi mpya ya kijani: korongo wamesimama kwenye matete, mmoja juu ya mwingine, kutoka sakafuni hadi darini. Kitanda kilikuwa kimesukumwa kando. Kwenye ukuta ulioelekeana na dirisha palikuwa na mlango usio na fremu wala kitasa, umevishwa karatasi ileile ya ukuta, na ukiwa umefungwa ulionekana kwa mstari mwembamba tu. Wajenzi wa enzi ile waliupenda sana mtindo huo. Mtumishi apite na ndoo ya majivu bila wenye nyumba kuona mahali anapotokea.

Tranmer akausukuma kwa ncha za vidole. Ukafunguka kuelekea gizani. Zamani hapo palikuwa na ngazi za watumishi zinazoshuka hadi jikoni. Sasa palikuwa na shimo la mita saba, na chini yake sakafu ya mawe, pale Bi Edith alipokutwa Jumapili alfajiri.

"Mlizing'oa lini?"

"Wiki tatu zilizopita. Beseni la kuogea la shaba halikuwa na njia nyingine ya kupandishwa, na mabomba yake yatapita hapo."

"Nyumba iliwaambia inataka beseni."

Lavenham akaurudishia mlango.

"Na shangazi yako alijua ngazi hazipo?"

"Alikuwa Ledbury kwa rafiki yake wakati wa kazi. Alirudi Jumamosi mchana. Tulitaka iwe zawadi ya kumshtukiza."

"Ikamshtukiza," alisema Sahota.

"Hilo si jambo la kuchezea, Sajini! Kila mtu ndani ya nyumba hii alijua tabia yake. Miaka yote, alfajiri, kabla hata ya kuwasha taa, alipita mlango huu kushuka jikoni kuchemsha chai yake. Ndiyo maana nilimwagiza Pugh aufunge kwa skrubu. Nilimwagiza mbele ya mke wangu. Na Pugh, kwa kuwa Pugh ni Pugh, akabandika karatasi, akakata ukingo vizuri kwa wembe, akasahau skrubu kwenye kopo, akaenda zake kunywa bia."

"Uliingia humu baada ya yeye kuondoka?"

"Ijumaa saa kumi jioni nilichungulia mlangoni. Nikaona kazi imekwisha."

"Hukugusa kitu?"

"Niguse nini? Mimi nasimamia. Kazi za mikono ni za wenye mikono."

"Kwa hiyo karatasi hii yote ni kazi ya Pugh, na haijaguswa tangu Ijumaa saa kumi."

"Yote. Kila inchi."

"Sajini, mwandikie maelezo hayo, Bwana Lavenham atie sahihi."

Alitia, kwa kalamu yake mwenyewe ya wino, na mkia wa jina lake ukavuka mstari. Kisha simu yake ikalia. Kwa jinsi alivyoanza kuilaumu, ilikuwa ya muuza vitasa vya mlango. Akatoka nayo ukumbini, na sauti yake ikasikika ikisema shaba iliyozeeka si sawa na shaba iliyozeeshwa.

Tranmer akavua koti, akaliweka kitandani, na kuwasha tochi ingawa ilikuwa mchana.

"Tunatafuta nini, bosi?" Sahota aliuliza. "Maana kuchana hatuwezi."

"Tunatafuta mwisho."

Inspekta Tranmer aliwahi kuolewa miaka kumi na mmoja na fundi wa karatasi za ukuta. Katika ndoa ile hakupata mtoto, hakupata raha, na nyumba yao wenyewe haikumaliziwa hata siku moja. Alichopata ni elimu hii tu.

"Simama kwenye ukuta wa meko," alisema. "Unamwona yule korongo wa katikati? Yuko sawasawa juu ya meko, hajaenda kulia wala kushoto. Hapo ndipo Pugh alipoanzia. Fundi huanzia mahali macho ya mgeni yanapotua. Sasa twende naye, kipande kwa kipande."

Wakaenda. Tranmer aliinua tochi kwenye kila ungio na kuishusha hadi chini. Mdomo wa korongo ulianza kwenye kipande kimoja ukaishia kwenye kingine bila kupishana hata unywele. Matete yaliungana. Kwenye kona Pugh alikuwa amekata na kuzungusha kwa namna ambayo jicho halikuona pa kushika.

"Huyu mzee anajua," Sahota alisema.

"Anajua sana. Lakini hata ajue vipi, ukizunguka chumba kwa karatasi yenye picha zinazojirudia, kuna mahali kipande cha mwisho kinarudi kukutana na cha kwanza, na hapo havilingani. Haiwezekani. Kuta za nyumba hazijengwi kwa kipimo cha korongo. Kwa hiyo fundi huchagua pembe yenye giza akaificha aibu hiyo. Pugh ameificha wapi?"

Sahota akageuka polepole, kisha akanyoosha kidole juu ya mlango wa kuingilia, kwenye kile kipande kifupi kati ya fremu na dari. Korongo mmoja pale alikuwa na mkia na nusu ya mgongo tu. Sehemu yake iliyobaki ilikuwa matete.

"Safi. Huo ndio mwisho wa Pugh. Hakuna atakayeinua kichwa kuutazama. Kazi imefungwa. Sasa njoo huku."

Akampeleka kwenye mlango wa siri na kumwangazia ungio la kushoto, upande ambao mlango ulifungukia. Hapo, kwenye kimo cha uso wa mtu, alisimama korongo aliyevunjika shingo. Kichwa chake kilikuwa kwenye kipande kimoja na mwili kwenye kingine, na kichwa kilikuwa kimeshuka kwa upana wa kidole. Aliyemfuata alikuwa vivyo hivyo, na aliyemfuata tena, mpaka chini. Karatasi yenyewe ilikuwa na viputo vidogo vya hewa.

"Duh," alisema Sahota.

"Chumba kimoja hufungwa mara moja, Gurdev. Hiki kimefungwa mara mbili. Vipande hivi viwili vinavyofunika mlango vilibanduliwa, vikabandikwa vingine."

"Kwa nini visilingane? Karatasi ni ileile."

"Kwa sababu karatasi ikipakwa gundi hunywa maji na kutanuka. Fundi huikunja akaiacha inywe dakika kadhaa ndipo aipeleke ukutani. Huyu aliipaka na kuibandika hapohapo, ikaja kutanukia ukutani. Korongo wakateremka. Pugh amefanya kazi hii miaka arobaini na mitatu. Hata akiwa amelewa chakari asingefanya hivi, kama wewe usivyoweza kuvaa kilemba chako juu chini."

Sahota aligusa kilemba chake bila kujua. "Basi tumpigie Mrakibu."

"Tumwambie nini? Kwamba ndege hawalingani? Atanicheka mpaka saa kumi na mbili ipite. Nataka kilicho nyuma ya hapa, na ninataka nipewe ruhusa na wenye nyumba."

Aliyeleta ruhusa hiyo aliingia dakika mbili baadaye akiwa na sinia la chai. Rosamund Lavenham alikuwa mrefu, mwenye nywele za kijivu alizozikata kwa gharama kubwa zionekane hazijakatwa. Aliweka sinia juu ya kasha, akawatazama polisi wawili kama mtu anayetazama makochi ya mtumba.

"Chai ni ya majani yaliyokaushwa kwa moshi," alisema. "Wengi hawaipendi. Mara nyingi ni suala la malezi."

"Tutajitahidi," Tranmer akasema. Hakuigusa. "Ulimpenda shangazi wa mumeo, Bi Lavenham?"

"Swali gani hilo? Alikuwa na miaka themanini na moja, na chumba hiki alikipaka njano. Njano ya yai, Inspekta! Juu ya plasta ya mwaka 1871. Alhamisi alipiga simu kutoka Ledbury, kuna jirani alikuwa amemwambia kuna kelele za kubomoa. Akasema akikuta tumeharibu chochote, nyumba atampa binamu wa Hereford. Yule anayefuga mbuzi ndani ya sebule."

"Alisema hivyo kwa nani?"

"Kwa Piers. Piers alipauka kama shuka. Ana moyo mwepesi sana kwa mambo ya mbuzi."

Lavenham alirudi ndani akifuta simu kwenye sweta. "Bado mpo?"

"Tunamalizia," Tranmer alisema. "Nilikuwa nataka kumwambia mkeo kwamba sasa nakubaliana na wewe. Pugh ni fundi wa hovyo."

Lavenham akachangamka. "Si nilisema?"

"Hovyo kabisa. Tazama hapa, kwenye mlango. Korongo kichwa huku, mwili kule. Viputo. Aliyebandika hapa ana mikono ya mbao. Mahakamani picha hii itamwaibisha vibaya. Mtu anayebandika namna hii, nani atashangaa akisahau skrubu?"

"Haswa," alisema Lavenham. "Haswa kabisa. Mlevi yule."

Rosamund Lavenham alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha puani, na alikuwa akimtazama mumewe.

"Aibu iliyoje, Piers. Unamwacha yule mzee abebe na hii?"

"Rosamund."

"Nimekulalamikia tangu Ijumaa usiku. Siwezi kupita mlangoni bila kumwona yule ndege aliyenyongwa."

"Ijumaa usiku?" Tranmer aliuliza, kama anayeuliza sukari iko wapi.

"Mpenzi, Inspekta hana haja ya—"

"Alidai Pugh ameacha kiputo. Mimi sikukiona kiputo chochote, kazi ilikuwa nzuri mno. Lakini bwana huyu alikuwa amesoma kitabu. Akapanda huku na ndoo ya gundi ya dukani saa tatu usiku, akashuka saa sita, na asubuhi nakuta haya. Mume wangu hawezi kubandika stempu kwenye bahasha, Inspekta. Lakini jaribu kumwambia!"

Sahota alikuwa akiandika bila kuinua kichwa.

"Sijui anazungumzia nini," Lavenham alisema. Rangi ya uso wake ilikuwa imefanana na ile ya ukuta wa ngazini. "Amechoka. Msiba umemchosha."

"Bi Lavenham," alisema Tranmer, "tungependa kukiondoa kipande hiki tukichunguze. Kitaharibika."

"Hapana!" alisema Lavenham. "Nimeshakataa kwa maandishi!"

"Kiondoeni," alisema mkewe. "Viondoeni vyote viwili, mniokoe. Mimi pia ni mwenye nyumba hapa, au nimekuwa mtumishi?"

"Umesikia, Sajini?"

"Nimesikia na nimeandika, bosi."

Tranmer alitoa kisu chembamba cha kubandulia kwenye mkoba wake. Gundi ya dukani haikuwa imeshika vizuri na kipande kilishuka chote kwa mvuto mmoja, kikajikunja miguuni mwake. Upande wa kufungukia karatasi ya chini ilikuwa imekwanguliwa, na juu ya ubao wa mlango palikuwa na madoa sita ya plasta mpya, yamepangana kwa kunyooka kutoka juu mpaka chini. Akaingiza ncha ya kisu kwenye la kwanza. Plasta ikadondoka, na nyuma yake pakawa na tundu. Akatoa skrubu moja kwenye bahasha, akaisokota kwa vidole. Iliingia kama iliyorudi kwao.

"Ya kwanza. Sahota, hesabu."

"Sita, bosi. Na kwenye ubao uliofichwa ukutani matundu mengine sita yanayoelekeana nayo."

Kisha akahamia upande wa bawaba, akakishusha na kipande cha pili. Huko hapakuwa na skrubu, kwa hiyo mwenye kisu cha Ijumaa usiku hakuona sababu ya kubandua karatasi ya chini. Alipitisha tu wembe juu yake ili mlango upate kufunguka. Tranmer akailoweka kwa chai ya moshi ya Rosamund Lavenham, akaibandua taratibu kwa kidole gumba.

Chini yake palikuwa na maandishi ya penseli, ya mkono mkubwa ulionyooka. Yalianzia ukutani, yakavuka ufa, yakaishia kwenye mlango. D. Pugh. Ijumaa 14 Machi. Mvua. Mlango huu umefungwa, ngazi hazipo. Katika kila mstari, pale penye ufa, herufi moja ilikosekana. Zilikuwa zimeandikwa juu ya plasta iliyouziba upenyo ule, na plasta ilipovunjwa mlango ukifunguliwa kwa nguvu, zilianguka nayo shimoni.

"Soma kwa sauti, Bwana Lavenham," Tranmer alisema. "Wewe ndiye mwenye elimu."

Lavenham aliyapa maandishi mgongo.

"Pugh alimwandikia fundi atakayekuja baada ya miaka hamsini, asije akaanguka. Wewe ulikuwa na mtu mmoja tu wa kumwonya, tena anayerudi kesho yake mchana."

"Sikuona maandishi yoyote."

"Najua hukuyaona. Ungeyafuta. Piers Lavenham, unakamatwa kwa kosa la kumuua Edith Lavenham." Akamsomea haki zake, neno kwa neno, bila haraka, huku Sahota akiweka daftari mfukoni na kutoa pingu.

Rosamund alikuwa bado amesimama kando ya sinia. Ilimchukua muda mrefu kuelewa kuliko mtu angetegemea, maana alikuwa mwanamke mwerevu.

"Jumamosi kwenye chakula cha usiku," alisema. "Alikuuliza kuhusu mlango wake. Nilikuwepo. Ulimwambia, mlango wako uko vilevile, shangazi."

"Nyamaza, Rosamund."

"Nikadhani umempotosha ili alale kwa amani. Kwamba mlango umefungwa, na asubuhi angeusukuma usifunguke, tungemweleza." Akamtazama mumewe kuanzia viatu hadi kichwani. "Hata hili umelifanya vibaya."

Tranmer alimtazama mwanamke yule kwa mara ya kwanza kwa makini. Alikuwa amejiandaa kumhurumia, na huruma ikamwisha kabla haijafika mdomoni. Akachukua koti lake kitandani. Alikuwa na haraka.

Walifika kituoni saa kumi na mbili kasorobo. Lavenham alipelekwa mlango wa nyuma, bado akiuliza kama kuna mtu atakayezima moto chini ya gundi ya mifupa aliyoiacha jikoni ikichemka. Mrakibu Prowse aliyasoma maelezo mawili, ya mume na ya mke, akiwa amesimama. Akayasoma tena akiwa amekaa. Kisha akaagiza Pugh atolewe.

Dilwyn Pugh alikaa kwenye benchi la mapokezi akiingiza kamba kwenye viatu vyake, tundu kwa tundu, kama mtu ambaye hajawahi kufanya kazi kwa haraka na hana nia ya kuanza leo. Tranmer akamweleza kwa ufupi kilichokutwa ukutani.

"Kwa hiyo alimwacha ashuke," Pugh alisema. "Yule mama. Miaka thelathini alikuwa akiniachia keki juu ya ngazi yangu ya kazi."

Prowse akatoka ofisini akiwa amefunga vifungo vyote vya koti. Akanyoosha mkono.

"Bwana Pugh. Nina hakika unaelewa kwamba tulikuwa tunafanya kazi yetu tu."

Pugh aliinua macho mpaka kwenye mkono ule, akayarudisha kwenye viatu.

"Jina langu umelipeleka kwenye gazeti la jioni," alisema.

"Taarifa ilitoka saa sita, ndiyo. Kwa wakati ule ilikuwa sahihi. Kesho watachapisha masahihisho, nimeshawapigia."

"Ya saa sita iko ukurasa wa kwanza. Jirani yangu alimletea mke wangu nakala, na mke wangu akanipigia hapa akilia." Akamaliza kiatu cha pili, akakaza fundo. "Masahihisho yatakuwa ukurasa wa ngapi?"

Prowse akamtazama Tranmer. Tranmer alikuwa anautazama mlango. Pugh akasimama, akachukua kopo lake la vifaa juu ya kaunta, akatikisa kusikiliza kama kila kitu kimo, kisha akapita kando ya mkono ule uliokuwa bado umenyooshwa, akatoka nje kwenye mvua.